Mtandao wa Kijiji



Pita vijijini wakati wa jioni utaona jambo hili. Watu wamesimama juu ya kichuguu, au chini ya mti mmoja. Mikono iko juu. Wameshika simu. Wanatafuta mtandao.

Mimi mwenyewe nimewahi kupanda kichuguu usiku ili nimpigie ndugu aliyekuwa akiuguza hospitali. Mtandao nilipoupata, salio likaisha. Nilirudi nyumbani bila kujua kama mgonjwa yu mzima.

Katika somo hili tutazungumza juu ya njia moja ya kupunguza taabu hiyo. Ni njia ambayo wanakijiji wanajitengenezea mtandao wao wa intaneti, bila waya kutoka nyumba hadi nyumba, na wanautunza wao wenyewe. Huitwa mtandao wa jamii. Njia hii imejaribiwa Kondoa hapa kwetu, na pia Uganda, Kongo, Kenya na Afrika Kusini. Ina faida kubwa. Ina matatizo makubwa pia, na mtu akikueleza faida tu, ujue anataka kukuuzia kitu.

Intaneti inafikaje kwako?

Wewe unayelima mpunga Idodi, Mapogoro au Tungamalenga unajua mfereji. Maji hutoka mtoni. Huingia mfereji mkuu. Kutoka hapo huingia mifereji midogo, mpaka yakafika kwenye jaruba lako. Mfereji mkuu ukiziba, wote mnakauka. Jirani wa juu akifungulia maji yote, wewe wa chini hupati kitu.

Intaneti husafiri kwa namna hiyo hiyo. Mto wake ni nyaya kubwa zilizolazwa chini ya bahari. Waya mmoja, unaoitwa SEACOM, ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Mwingine, EASSy, ulianza kazi mwaka 2010. Mfereji mkuu wetu ni Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao serikali ilianza kuujenga mwaka 2009. Mkongo huo umepita Iringa kwenda Mbeya mpaka Tunduma. Kwa hiyo maji yapo mjini. Kazi ngumu ni ule mfereji mdogo wa mwisho, wa kutoka mjini mpaka mlangoni pako.

Mara nyingi mfereji huo wa mwisho ni mnara wa kampuni ya simu. Mnara ni ghali. Unahitaji umeme au dizeli, mlinzi, barabara ya kupita fundi. Kampuni hupiga hesabu: hapa kuna wateja wangapi, nao watanunua vocha za shilingi ngapi? Pakiwa na watu wachache, mnara hauji. Serikali iliona jambo hilo, ikatunga sheria ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote mwaka 2006. Mfuko huo huzipa kampuni ruzuku ili zijenge minara vijijini. Minara mingi imejengwa kwa njia hiyo. Hata hivyo, mnara kuonekana na wewe kuwa na fedha ya bando ni mambo mawili tofauti.

Mnara na wavu

Sasa fikiri juu ya wavu wa wavuvi wa Mtera. Wavu hauna kichwa. Una mafundo mengi, na kila fundo limefungwa na mafundo ya jirani. Uzi mmoja ukikatika, wavu bado unashika samaki.

Mtandao wa jamii umetengenezwa kama wavu. Tuseme katika kijiji kuna kifaa kimoja juu ya paa la shule, kingine zahanati, kingine ofisi ya kijiji, kingine dukani, na vingine katika nyumba za watu. Kila kifaa kina antena ndogo. Kila kifaa hufanya kazi mbili: humhudumia mwenyewe, na hupokea ujumbe wa jirani na kuupitisha mbele. Mganga wa zahanati akitaka kutuma ujumbe ofisi ya kijiji, ujumbe hupitia dukani. Mwenye duka akizima kifaa chake, ujumbe hutafuta njia nyingine, labda kupitia shuleni. Hakuna mtu anayekaa kuuelekeza. Vifaa vyenyewe huulizana njia.

Ukilinganisha na mnara utaona tofauti. Mnara ukizimika, eneo lote linanyamaza. Tena mnara una mwenyewe, naye yuko mbali. Wavu ni wa wale walioufunga.

Hizo antena hutumia mawimbi ya redio. Ni jamaa wa mawimbi yanayokuletea taarifa ya habari. Mawimbi yanayotumika sana huitwa waifai. Ndani ya nyumba, waifai huenda hatua chache tu kisha huchoka. Lakini ukiweka antena inayotazama upande mmoja, na antena ya pili ikaitazama ile ya kwanza, mawimbi huenda kilometa nyingi. Mwaka 2007 wataalamu wa Venezuela, huko Amerika ya Kusini, walirusha waifai kutoka mlima mmoja hadi mwingine, umbali wa kilometa 382.

Lakini kuna sharti. Antena zionane. Kama ukisimama penye antena moja huoni penye antena nyingine, mawimbi hayatapita vizuri. Kilima hukata. Miti pia hukata, kwa sababu majani yana maji, na maji hunywa mawimbi hayo. Mtandao uliofungwa wakati wa kiangazi, miti ikiwa mitupu, unaweza kusumbua masika yanapoleta majani. Wewe unayekaa bondeni, chini ya milima, penye mibuyu na miti ya mito, lazima ulikumbuke hilo kabla hujanunua kifaa chochote. Kwanza mpande kilimani mkatazame.

Walivyofanya wengine

Huko Kondoa, mkoa wa Dodoma, mtandao wa jamii ulianzishwa kwa ushirikiano na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Hapo walijaribu mawimbi ya aina nyingine. Unajua kwamba Tanzania ilianza kuzima mitambo ya zamani ya televisheni tarehe 31 Desemba 2012, ikianzia Dar es Salaam. Katika masafa ya televisheni kuna nafasi ambazo hazitumiwi na kituo chochote, hasa vijijini. Ni kama kiraka cha shamba kati ya mashamba mawili, ambacho hakuna aliyekilima. Watu wa Kondoa waliomba kukilima kiraka hicho kwa ajili ya intaneti. Mawimbi ya televisheni yana sifa moja nzuri: hupenya miti na kuzunguka vilima kuliko waifai. Kwa nchi ya milima na mapori, hilo si jambo dogo.

Arusha walianza mapema zaidi. Katika miaka ya 1990, wakati barua za kompyuta zilikuwa kitu kigeni kabisa hapa nchini, watu waliungana wakaanzisha mtambo wao wa kupitisha barua hizo. Waliuita Arusha Node Marie. Baadaye ukaja kuitwa Habari Node. Kwa hiyo wazo la wanachama kumiliki mtandao si jipya kwetu.

Uganda ya Kaskazini ilikuwa na vita kwa miaka mingi. Watu walifukuzwa makwao wakakaa kambini. Mwaka 2007, Jimbo Kuu Katoliki la Gulu lilianzisha mradi ulioitwa BOSCO. Waliweka kompyuta zinazotumia umeme wa jua, wakaziunganisha kambi kwa antena. Katika nchi ya Kongo, kwenye kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu, mtandao wa jamii ulizinduliwa mwaka 2016 ukaitwa Pamoja Net. Jina hilo huhitaji kutafsiriwa. Nairobi pia, katika mtaa wa Kibera, kuna mtandao wa jamii uitwao TunapandaNET, ambao umeunganisha shule na vituo vya vijana.

Lakini mimi napenda zaidi habari ya Mankosi. Mankosi ni eneo la vijiji katika jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini. Watu wake ni wakulima na wafugaji, na vijana wengi huenda mjini kutafuta kazi. Kupiga simu kuliwala fedha nyingi. Mwaka 2012 walianza kazi pamoja na Chuo Kikuu cha Western Cape. Wazee walikaa wakachagua nyumba za kuwekea mitambo. Mitambo ilitumia umeme wa jua. Sasa sikiliza walivyopata fedha ya kwanza: haikutoka kwenye intaneti. Ilitoka kwenye kuchaji simu. Nyumba yenye mtambo ilikuwa na umeme uliobaki, na majirani wakalipa kidogo kuchaji simu zao hapo badala ya kwenda mbali. Mwaka 2014 waliandikisha chama cha ushirika. Wakakiita Zenzeleni, maana yake kwa lugha yao ya Kixhosa ni "jifanyieni wenyewe".

Huko Hispania, katika nchi ya Katalunya, mtandao wa namna hii uitwao guifi.net ulianza mwaka 2004, nao ulianzia mashambani ambako kampuni za simu hazikutaka kufika. Leo una mafundo zaidi ya 30,000. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba jambo hili ni la watu maskini tu.

Utaufanyia nini?

Wazee watakumbuka mwaka 1973 na kampeni ya Mtu ni Afya. Karibu watu milioni 2 walikaa katika vikundi kote nchini, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, wakachimba vyoo. Si kila mtu alikuwa na redio. Redio moja ilitosha kikundi kizima. Mtandao wa jamii ni ndugu wa redio ile. Lakini redio husema tu, haikusikii. Mtandao hukusikia pia.

Fikiri. Mpunga umevunwa. Mnunuzi anakuja na lori, anataja bei. Ukiweza kuuliza bei ya Iringa mjini siku hiyo hiyo, hutabishana naye gizani. Mama mjamzito ana dalili za hatari. Mganga wa zahanati anamwuliza daktari wa wilaya na kumtumia picha. Tembo wametoka upande wa hifadhi usiku. Kitongoji cha kwanza kuwaona kinavijulisha vingine kabla shamba halijakanyagwa.

Jambo jingine wengi hawalijui. Wavu huu unaweza kufanya kazi ndani ya kijiji hata kama mfereji wa kutoka mjini umekatika. Unaweza kuweka kompyuta moja shuleni, ukajaza vitabu vya shule na kamusi elezo, na kila mwenye simu kijijini akavisoma bila kulipa bando. Ujumbe wa tembo pia hauna haja ya kwenda ng'ambo na kurudi. Unatoka kitongoji hadi kitongoji. Kwa maoni yangu, kijiji kingeanza na hilo kwanza.

Hesabu

Sasa tufike penye taabu. Tufanye hesabu. Bei hizi ni za mfano tu.

Tuseme kijiji kinanunua intaneti kutoka kwa kampuni, kwa shilingi 150,000 kila mwezi. Nyumba 50 zimejiunga. Kila nyumba inalipa shilingi 3,000. Zidisha: 50 mara 3,000 ni 150,000. Watu wanapiga makofi. Hesabu imekaa sawa.

Haikukaa sawa. Mwezi wa Februari akiba ya chakula imepungua na mpunga bado uko shambani. Nyumba 15 hazikulipa. Zimebaki 35. Zidisha: 35 mara 3,000 ni 105,000. Pamepungua shilingi 45,000. Kampuni haijui habari za njaa. Inakata. Na zile nyumba 35 zilizolipa zinakasirika, na mwezi wa Machi nazo hazilipi.

Basi tuseme kila nyumba ilipe shilingi 5,000. Zidisha: 50 mara 5,000 ni 250,000. Ukitoa 150,000 za kampuni, zinabaki 100,000. Kwa mwaka mzima ni shilingi 1,200,000. Fedha hiyo ndiyo ya betri mpya, ya kifaa kilichopigwa na radi, ya posho ya fundi, na ya kuziba pengo la Februari. Lakini je, bibi anayeishi peke yake ataiweza shilingi 5,000? Kama hataiweza, mnamwacha nje ya wavu, au wengine wanamlipia? Hilo si swali la fundi. Ni swali la mkutano wa kijiji.

Unazikumbuka pampu za maji? Vijiji vingi vilipewa pampu. Siku ya ufunguzi kulikuwa na ngoma. Baada ya muda kifaa kidogo kikavunjika, hapakuwa na fedha ya kukinunua, wala mtu aliyefundishwa kukifunga. Pampu ikawa kiota cha ndege. Mitandao mingi ya jamii katika Afrika imekufa kifo hicho hicho. Mfadhili alileta mitambo, akafundisha kijana mmoja. Kijana akawa hodari, akapata kazi mjini. Ungekuwa wewe, usingekwenda? Wafundisheni watu wanne au watano, na wawemo kina mama wenye miji yao hapa, ambao hawatahama kesho.

Umeme nao una mambo yake. Paneli ya sola huishi miaka mingi. Betri haiishi miaka mingi. Betri za bei nafuu huchoka baada ya miaka michache, hasa zikitumiwa mpaka zikauke kabisa kila usiku. Paneli huibwa. Radi ya masika hupenda kitu kirefu kilichosimama peke yake, kwa hiyo mlingoti wa antena lazima uwe na waya wa kupeleka radi ardhini. Na kwa ninyi mnaopakana na hifadhi, mlingoti uliosimikwa njia ya tembo ni kijiti tu mbele ya mnyama yule.

Kugawana

Rudi kwenye mfereji. Intaneti iliyonunuliwa ni maji ya kiasi fulani. Vijana kumi wakitazama mpira wa Ulaya kwa wakati mmoja, wamefungulia maji yote, na mganga wa zahanati hapati hata tone. Vifaa vinaweza kupangwa ili zahanati na shule zipate kwanza, na picha za mpira zingoje usiku. Lakini nani atapanga? Akipanga mmoja peke yake, atasema ukoo wake upate kwanza. Ndipo ugomvi unapoanza.

Katika tarafa za Idodi na Pawaga watu hawaanzi na sifuri katika mambo haya. Vijiji 21 viliungana katika jumuiya ya MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga, ili kutunza wanyama kwa pamoja na kugawana mapato. Waliokaa katika mikutano yake wanajua ugumu wa kuchagua viongozi, kusoma hesabu mbele ya watu, na kuuliza fedha ilikwenda wapi. Elimu hiyo ndiyo inayohitajika hapa. Antena unaweza kuinunua dukani.

Mahali pa kuweka kifaa pia ni jambo la kupima. Kikiwekwa kwenye kilabu cha pombe, wanawake na wanafunzi hawatakwenda. Kikiwekwa nyumbani kwa mwenyekiti, mwenye kesi naye hatakwenda.

Sheria

Usifunge mitambo kwa siri. Mawimbi ya redio ni mali ya umma, na hapa nchini husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Anayetaka kuuza huduma ya intaneti anahitaji leseni. Kwa hiyo kijiji kiandike barua kwanza, kiulize: sisi ni kikundi, tunataka kufanya hivi, tunahitaji kibali gani, na ada yake ni shilingi ngapi? Sasa barua hiyo mnaweza kuiandika wenyewe.

Hapa nina neno. Sheria zilizotungwa kwa ajili ya kampuni kubwa humbana mtu mdogo. Mkulima wa mpunga hawezi kujaza fomu sawasawa na kampuni yenye wanasheria kumi. Kenya waliona hivyo, na mwaka 2021 Mamlaka yao ya Mawasiliano ilitoa utaratibu maalumu wa leseni kwa mitandao ya jamii. Vijiji vyetu vinaweza kuomba kutazamwa kwa jicho hilo pia. Diwani na mbunge wanayo masikio.

Mwisho kuna wezi. Umekwisha pata ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii"? Mtandao ukifika, wezi wa namna hiyo wanafika pia, na wanakuja na hila nyingine. Usimpe mtu namba yako ya siri, hata akijiita ofisa wa benki. Na anayetunza mtambo wa kijiji asisome barua za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda habari zako.

Maswali ya kuzungumza darasani

Ukisimama kwenye paa la shule yenu, unaona vitongoji gani? Kipi hakionekani, na kilima gani kinakizuia?

Katika hesabu yetu, nyumba 20 zikishindwa kulipa shilingi 5,000, je, fedha ya kampuni itatimia?

Pampu au mashine gani ya kijiji chenu iliwahi kuharibika isitengenezwe? Nani alikuwa na wajibu wa kuitengeneza?

Andikeni pamoja barua fupi ya kuuliza kibali. Anayesoma vizuri asiandike peke yake. Kila mmoja aandike sentensi moja.

Bibi aishiye peke yake mtamfanyia nini?